Valère Ni wa Upande Gani

Mtaa wa Kataki,
Kalemie, Zaire.
Tarehe 11 Septemba 1988.

Mpendwa Mjomba Alphonse,

Nakupigia makofi ya heshima kutoka huku ziwani, kama ulivyotufundisha tulipokuwa wadogo. Pokea salamu zangu nyingi sana, wewe pamoja na Mama Emilie na wote wa nyumbani kwako Likasi. Unaendeleaje na kile kifua? Vumbi la huko limepungua, au bado linakukoholesha asubuhi? Mara ya mwisho tulisikia daktari amekukataza kuvuta. Natumaini unamsikiliza, ingawa sijui nani amewahi kukukataza kitu ukasikiliza.

Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Upepo wa kusini umevuma mwezi mzima na wavuvi hawaingii ziwani vizuri, kwa hiyo ndagala wamekuwa adimu. Bado nauza samaki hao wadogo pale pale, karibu na stesheni, nikisubiri watu wa treni ya Nyunzu. Treni yenyewe inakuja inapotaka. Siku nyingine tunakaa tangu asubuhi na vikapu vyetu, jioni tunarudi navyo kichwani.

Mjomba, foni yako imefika. Sista aliniita Jumanne kwenye redio ya misheni akanisomea mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja zamu ya kuzungumza na ndugu zao. Umesema umesikia kwamba binti yangu Odile amepata mchumba, na kwamba mtu yeyote asifungue mdomo mpaka wewe ufike mwisho wa mwezi, ukae kitini na uwapokee wakwe kama mkuu wa ukoo. Nimesikia. Jibu langu utalipata katika barua hii, lakini sitalianza nalo.

Kwanza nataka nikueleze habari za mdogo wangu Valère, zote, tangu mwanzo. Kwenye foni mtu anasema maneno machache na mji mzima unasikia, ndiyo maana mpaka leo una vipande tu. Ninaandika kwa heshima, Mjomba. Lakini nina hasira, na afadhali nikuambie sasa hivi ili usishangae mbele.

Unakumbuka Valère alivyokuwa. Hapakuwa na injini ya boti iliyomshinda, kuanzia hapa mpaka Moba. Baba mdogo Hubert alikuwa akimletea rafiki baada ya rafiki, injini baada ya injini, watengenezewe bure, akimpiga bega na kusema huyu ni mtoto wetu wa Kibembe, mikono ya marehemu kaka yangu Jérôme. Na wewe ulipokuja likizo ulimzungusha mjini kwa wakubwa wako wa zamani ukisema huyu ni damu ya dada yangu, sisi Watabwa mtoto ni wa mjomba. Mlikuwa mkimvutania kama nguo nzuri sokoni. Mama yetu alikuwa akicheka, na mimi pia nilicheka.

Halafu akaugua. Alianza kukosa usingizi. Akafungua injini ya mteja akapanga vyuma vyake vyote barabarani, kutoka mlangoni kwake mpaka kwa jirani, akisema ziwa limeingia ndani na lazima litoke lenyewe. Watu walicheka siku hiyo. Hawakucheka alipompiga mwenye injini kwa spana, wala alipoteremka bandarini bila nguo mchana wa salongo, mtaa mzima ukiwa nje na majembe na mafagio kwa kazi ya lazima ya serikali.

Baba mdogo Hubert akasema yeye ni upande wa baba, atashughulika. Akampeleka ng'ambo ya mto Lukuga kwa mganga mmoja anayesifiwa na wavuvi. Huko mgonjwa anayepiga watu hutiwa mguu katika gogo. Wanatoboa mti mzito, wanapitisha mguu, wanapigilia kigingi juu ya kifundo. Mganga alisema ni kwa muda mfupi tu, mpaka damu itulie. Mama alilia, lakini usiku ule alilala, kwa sababu alikuwa hajalala majuma mengi kwa kumlinda mwanawe asitoke.

Ndipo akaja Mama Élisabeth. Humjui, Mjomba, na kwenye foni ulimwita "yule mwanamke wa serikali". Si wa serikali. Ni asistante sosiale, mtu wa ustawi wa jamii, anafanya kazi na dispanseri ya parokia. Kwenye makaratasi ni sitwayenne, yaani raia, na jina refu la Kiluba, lakini mitaani wote tunamwita Mama Élisabeth. Kazi yake si kugawa dawa. Anafuata familia zenye mtu aliyechanganyikiwa, anaingia jikoni, anaketi kwenye kigoda, anauliza nani anampikia, nani anamwosha, nani anaamka naye usiku. Siku ya kwanza alimwuliza Mama, "Na weye, nani anakuuliza kama umekula?" Hakuna aliyewahi kumwuliza Mama hivyo.

Akatuambia dispanseri ina sindano ambayo imewatuliza wengi, ya mara moja kwa mwezi, na kwamba mguu utoke kwenye gogo haraka. Lakini hagusi mgonjwa bila neno la mwenye mtoto. Zamani aliwahi kuanza na dawa, jamaa wakaja wakamchukua mgonjwa katikati ya matibabu, akaenda kufia kijijini. Tangu hapo anatafuta kwanza yule mwenye neno.

Hapo ndipo alipokosea. Yeye ni Mluba wa Manono. Kwao mtoto ni wa baba. Basi akaenda moja kwa moja kwa Hubert, akamwomba ruhusa, na Hubert akafurahi sana kuombwa, akakubali mbele ya wake zake wote. Hakuna aliyemwambia kwamba Mama ni Mtabwa wa Kirungu. Tulimwona ni msomi, tukadhani anajua.

Mama alikutumia foni kukujulisha tu, kwa adabu, maana wewe ni kaka yake. Na wewe ukajibu. Nilisimama pale nikasikia sauti yako kwa masikio yangu, juu ya ule mlio wa mashine: "Nani amewapa ruhusa? Huyo mutoto ni wangu. Asiguswe mupaka nifike."

Basi hakuguswa, Mjomba. Neno lako lilifika kwa kila mtu. Hubert aliposikia kwamba umekasirika alinyoosha mikono juu akasema hataki kesi na Watabwa. Mganga aliposikia, akaogopa kugonga kigingi kitoke bila wewe, maana mjomba akija akakuta mtoto ametolewa na amefanya kitu kibaya, lawama itakuwa yake. Mama Élisabeth akafunga mkoba wake akasema atangoja juma moja au mawili. Na Mama, ambaye tangu utoto hajapita mbele yako bila kuinama, akasema kaka yangu amesema. Ulitaka kuzuia sindano. Ulizuia gogo lisifunguliwe.

Tukakungoja. Ukasema treni haina mafuta ya mazutu. Ukasema kuna ukaguzi kazini. Ukasema Mama Emilie ana homa. Mvua zikaanza, zikanyesha, zikaisha, na mguu wa Valère ulikuwa bado ndani ya ule mti. Mama alivuka daraja la Lukuga kila siku na ugali wa bukari katika sufuria aliyoifunga kwa kitenge. Alimwosha pale pale alipokaa. Alimgeuza ili mgongo usioze, na mgongo haukuoza. Kifundo ndicho kilichooza.

Adrienne, mke wake, alivumilia zaidi kuliko nilivyomtegemea, halafu baba yake akaja kutoka Nyunzu akamchukua na watoto. Alisema hawezi kumwacha binti yake na mume asiye na mwenyewe. Nilimtukana mzee yule hadharani, na ninaona haya kwa maneno niliyotumia, lakini mtoto wa mwisho wa Valère aliondoka hajajifunza kutembea na sijui kama atamjua baba yake. Hilo pia liandike upande wako.

Kisha akapita hapa Urbain, yule dereva wa Kolwezi, akanunua samaki kwangu. Akaniambia kwa furaha kwamba alikuona huko, umependeza, suti ya kijivu, umekaa kitini kwenye maneno ya ndoa ya binti wa ukoo. Nikamwuliza ilikuwa lini. Ilikuwa wakati ule ule wa homa ya Mama Emilie. Nilimfungia samaki wake nikamrudishia chenji, na sijamwambia Mama mpaka leo. Usimwambie na wewe.

Nikupeleke sasa kwenye mkutano wa Alhamisi. Mama Élisabeth anawakusanya wanaolea wagonjwa wa namna hii katika chumba cha nyuma cha parokia. Si maombi. Tunaketi, tunazungumza, kuna chai. Tuko wa kila kabila, na kila mmoja anaanza kusema kwa "kwetu". Kuna Mama Mujinga wa Kabalo, binti yake anasikia sauti tangu alipojifungua. Kuna mzee mmoja Mholoholo, mke wake hakumbuki tena jina lake mwenyewe, na shemeji zake wanamkatalia kumhamisha nyumba. Kuna Mbembe anayelala mlangoni ili mdogo wake asitoke. Mwanzoni tulibishana sana. Huyu anasema ni jini, huyu anasema ni wivu wa jirani, huyu anasema ni dhambi ya babu. Mama Élisabeth hasemi ndiyo wala hapana. Anauliza tu, "Na leo asubuhi alikula?" Mabishano yanapoa hapo hapo.

Siku moja niliinuka nikaeleza habari ya gogo na foni yako. Mama Élisabeth akaweka kikombe chini. Akasema mbele ya wote, "Kosa ni yangu. Kwetu baba njo mwenye mutoto, nilizani ni vile fasi yote. Ningeuliza mama yake kwanza." Nilimpenda siku ile. Sijamsikia mkubwa mwingine wa mji huu akisema kosa ni yake.

Akafikiri atalitengeneza kosa hilo. Akasema twende tena kwa Hubert, tumwombe yeye na upande wa Mama wakae pamoja, hata bila wewe. Tulimkuta anashona wavu. Hakuinua macho. "Hapana, Mama," akasema, "mutoto wa Mutabwa ni wa mujomba. Sisi Wabembe hatuna kitu mule." Mimi nilicheka, Mjomba, nilicheka mpaka wake zake wakatoka jikoni kuangalia. Injini yake aliyoitengeneza Valère ilikuwa pale pale nyuma yake, imefunikwa na gunia. Valère alipokuwa mzima alikuwa na makabila mawili. Alipougua hakubaki hata na moja.

Sasa sikiliza alichofanya dada yako.

Mama alikuwa hajawahi kuja Alhamisi. Alisema aibu ya nyumba haipelekwi parokiani. Siku hiyo aliingia tumekwisha kuanza, miguu yake ina tope la ng'ambo, akabaki amesimama. Akasema kidonda cha mtoto wake kimeingia funza. Akasema ametoka kuwaokota kwa vidole. Halafu akasema, polepole kabisa, kama mtu anayetapika: "Kaka yangu ana kinywa, lakini kinywa yake haifike. Miye niko hapa. Neno nitasema miye."

Hakuna aliyempigia makofi. Mama Mujinga alifunga tu kitenge chake akasema twende, na tukaenda, Mama, Mama Élisabeth, Mama Mujinga na mimi. Mganga alitupokea vizuri, si mtu mbaya, nafikiri naye alikuwa amechoka. Akauliza mjomba yuko wapi. Mama akaketi chini kando ya gogo, akaweka mkono juu ya kigingi. "Gonga," akamwambia. "Mujomba akikuja na hasira, anipige miye." Mganga akanitazama mimi, akamtazama Mama Élisabeth. Mama Élisabeth hakumwambia kitu. Alikuwa amejifunza kungoja neno la mwenye neno. Mganga akaenda kuleta nyundo.

Sitakueleza mguu ulivyokuwa. Masista waliuosha kwa muda mrefu, ukapona, lakini kifundo kimekauka na Valère atachechemea maisha yake yote. Sindano anapata kila mwezi na imemtuliza kweli. Vilevile imempa mtetemo wa mikono. Injini hawezi tena. Anakaa nami chini ya kibanda changu anachagua ndagala, wazima huku, waliovunjika huku. Kuna siku ziwa bado linamwita, anasema hivyo mwenyewe, na siku hizo mmoja wetu anakaa karibu naye. Watu wamezoea. Wapo wanaovuka barabara wanapomwona, nao nimezoea.

Mama Élisabeth anaendelea kuja. Ametupa kazi moja iliyotushinda wote: tusimjibie. Anamwuliza Valère kitu, halafu anangoja, hata chai ipoe, na sisi tufunge midomo. Mama inamwuma sana. Amezoea kusema ndiyo, amekula, hapana, hataki, amelala vizuri. Sasa anajiziba kwa kitenge. Na majibu yanatoka, Mjomba. Yanachelewa lakini yanatoka.

Jumatano, kesho yake baada ya foni yako, Mama Élisabeth alitukuta tumenuna. Tukamweleza: wakwe wa Odile wanakuja, na lazima mjomba awepo kuwapokea, na Mjomba Alphonse ameamuru tumngojee. Mama Élisabeth akauliza, ili aelewe desturi, kwa Watabwa ni mjomba yupi anayesema, wa mama au wa binti mwenyewe. Mama akafungua mdomo, mimi nikafungua wangu. Mama Élisabeth akainua kidole. Alikuwa anamtazama Valère.

Tulingoja sana. Alikuwa na ndagala mmoja kati ya vidole, anatetemeka naye. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Odile ni mutoto wa dada yangu. Mujomba yake ni miye."

Ni kweli, na sote tulikuwa tunaijua. Wewe ni mjomba wangu. Mjomba wa Odile ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ulituma foni kuomba kiti ambacho kina mwenyewe, na hata sisi tunaoishi naye, tunaomlisha, tulikuwa tumekwisha kukupa, kwa sababu hatukumhesabu.

Hili basi ndilo jibu langu. Wakwe watapokelewa Jumapili ya mwisho wa mwezi, hapa Kataki. Valère ataketi kitini. Suti hana, nimemshonea shati. Akitetemeka atatetemeka mbele yao, na akichelewa kujibu watangoja, na wasiotaka kungoja waende wakatafute binti mwingine. Odile mwenyewe amesema hivyo, nami nimeona fahari kumzaa. Njoo, Mjomba, karibu sana. Utapata samaki mkebuka mkubwa kuliko wote, utapata kitanda. Utaketi mkekani pamoja na wageni wengine. Na usisafiri kwa kuogopa kwamba nitakutukana, sitakutukana, yote nimeyasema humu.

Nisalimie Mama Emilie, mwambie kitenge alichonitumia kilifika na ndicho nitakachovaa siku hiyo. Wasalimie Omer na wadogo zake, hao hawana kosa lolote. Odile anakusalimu na kukuomba baraka. Valère anakusalimu, aliuliza kama bado unakohoa. Hata Hubert anakusalimu, amesikia kuna sherehe na amekumbuka tena kwamba ni baba mdogo.

Mama hakusalimu. Nilimwuliza mara ya pili kabla ya kufunga bahasha, nikidhani hakusikia. Alisema siku utakapomsalimia mtoto wake kwanza, mbele za watu, kwa mkono, naye atakusalimia.

Mungu akupe pumzi kifuani, na akufikishe salama kama utaamua kuja.

Mpwa wako akupendaye hata sasa,
Célestine